Eda Isiyokwisha

Majina ya mtaa wetu wa Mishomoroni ninayo yote, ya wazee na ya watoto, ya waliohama na ya waliolala makaburini. Hata marehemu paka wa Bi Rukia namjua kwa jina, Sultani. La huyu ninayetaka kumsema pia ninalo. Lakini kwa miaka yote tuliyogawana ukuta sikumwita kwa jina hilo hata mara moja. Nilimwita Jirani, naye akaniita Jirani, na kila mmoja wetu akaitika kana kwamba mtaa mzima hauna jirani mwengine. Nikimtaja kwa jina leo nitaona namsema mtu nisiyemjua. Basi atakuwa Jirani.

Nimemkumbuka sana tangu mume wangu Bakari aliporudi kwa Mola wake. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Hatoki bila dharura, hajipambi, hatii manukato, huvaa nguo yake nyeupe akatulia nyumbani hadi muda ulioandikwa umalizike. Sasa mimi ni mtu wa kula nimesimama. Nimeuza nazi sokoni Kongowea tangu ujana wangu, na hata uzee uliponirudisha nyumbani miguu haikupata habari. Kifo cha Bakari tulikuwa tumekitazamia, maana aliugua. Nilichoogopa ni kukaa. Niliogopa kwamba nitatulia mahali pamoja, halafu lile lililotokea litanikuta pale nilipotulia.

Na mtu pekee niliyemjua aliyeiweza kazi ya kukaa alikuwa Jirani, ambaye aliifanya kila siku ya maisha yake bila kulazimishwa na mtu.

Walikuja yeye na mumewe na mwana wao mdogo Nimali kutoka Sri Lanka, ambayo wazee wetu waliita Seloni. Dini yao ni ya Kibudha. Mume alikuwa muonja chai. Kazi yake ilikuwa kuingia katika maghala ya chai upande wa Changamwe, kupangiwa vikombe mezani, kuvuta funda kwa kelele, kutema, na kusema hii njema, hii imeungua. Jirani alipenda kusema, "Mume wangu ametema kazi yake yote." Wenzao wa kazi hiyo walipanga Nyali kwenye bustani na mbwa. Hawa wakanunua nyumba kwetu, ukuta kwa ukuta na sisi, kwa sababu mume alipenda sauti ya watoto wa chuoni wakisoma Kurani.

Mume akafa ghafla. Sisi wanawake tukaenda kumpa mkono wa taazia. Tukamkuta amekaa juu ya mkeka chumbani, amevaa nyeupe kutoka juu hadi chini, hana bangili, hana kipini, hana harufu ya marashi. Macho ameyafumba, mikono ameilaza mapajani, kiganja juu ya kiganja. Bi Rukia, ambaye mlango wake unatazamana na ule, akanishika mkono.

"Mwanajuma," akaninong'oneza, "kwani na hawa wana eda?"

"Ndivyo uonavyo."

"Mashallah. Na sisi tukidhani ni masanamu tu."

Tukarudi kwa heshima. Tangu siku ile Bi Rukia akajifanya msimamizi wa eda hiyo. Wanaume akawapiga marufuku kupita uchochoro ule wakiongea kwa sauti. Fundi wa bomba alipokuja kutazama mfereji uliopasuka, alimsimamisha nje mpaka mimi nikaitwa niwe shahidi. Chakula tukampelekea kwa zamu. Mama Kadzo, mama wa Kigiriama aliyeuza mboga pembeni, ni Mkristo na hana habari na eda zetu, lakini naye akawa anamwachia mchicha mlangoni bila kugonga. Jirani akipokea vyote kwa kuinamisha kichwa. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado cha kununulia vitunguu, na mwenyewe alidhani ndivyo Waswahili wanavyowafanyia majirani wote.

Muda wa eda ukatimia, ukapita. Jirani bado amekaa. Ukichungulia dirishani asubuhi, yupo. Jioni, yupo.

"Eda gani hii isiyokwisha?" Bi Rukia akauliza.

"Labda kwao wahesabu vyengine," nikasema.

"Au mume alikuwa na wake wengine huko kwao, na huyu yuwawakalia wote."

Mama Kadzo alikuwa akichambua mchicha wake. Akasema bila kuinua kichwa, "Au amesahau. Mtu akikaa peke yake siku humpotea. Na nyinyi mwamtazama tu dirishani, hakuna hata mmoja wa kumwambia imetosha."

Neno hilo lilituchoma. Tukaona tumemdhulumu mjane wa watu. Basi asubuhi moja tukaenda kumtoa eda wenyewe, na ndoo ya maji, sabuni, chetezo cha udi, marashi, na kanga mpya niliyoinunua mimi. Tukamkuta amekaa. Bi Rukia akapiga hodi akaingia na sauti yake ya msibani. "Shoga, inuka. Imekwisha. Mungu akulipe kwa subira yako." Jirani akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akainuka. Tukamkogesha, tukamvisha, tukamfukiza udi hadi akakohoa, tukamtia wanja. Alitabasamu muda wote kama bi harusi aliyekubali. Mwishowe akatupikia chai, nasi tukarudi makwetu tumeridhika kwamba jambo la kheri limefanyika.

Kesho yake nikachungulia dirishani. Amekaa. Tena amevaa kanga yangu.

Hapo nikaingia moja kwa moja, maana mimi si mtu wa kulala na swali.

"Jirani, wafanyani hapo?"

"Nakaa."

"Wakaa na nani?"

"Na pumzi."

"Pumzi gani?"

Akanionyesha pua yake. "Hii. Yaingia, yatoka. Mimi naitazama."

"Kwani usipoitazama yaenda wapi?"

Akalifikiria swali langu kwa heshima, kama nimeuliza jambo la maana sana. "Haiendi mahali," akasema. "Ninayekwenda ni mimi."

Nikampelekea Bi Rukia jawabu hilo. Akasema maskini, msiba umemchanganya. Lakini Bakari alipolisikia alicheka hadi akashika ubavu, na tangu hapo kila akikutana na Jirani uchochoroni alimsalimu hivi: "Hujambo, mama? Na pumzi haijambo?" Naye hujibu bila kucheka, "Haijambo. Yakusalimu." Kwa miaka mingi. Wawili hao hawakuwa na mazungumzo mengine, na nadhani hakuna mtu mtaani Bakari aliyeelewana naye zaidi.

Jirani alikuwa na desturi ya kufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Watu husema hivyo juu ya nafsi zao, lakini yeye alikuwa hivyo kweli, na ilichosha. Akiosha mchele, anaosha mchele. Ukimsemesha anaweka sufuria chini, anafuta mikono, anakugeukia na uso mzima. Ukimwambia endelea, endelea tu, anasema, "Siwezi kukusikiliza wewe na kuusikiliza mchele." Mimi nikija na maneno yangu ya mtaa, na maneno hayakuwa machache, chakula chake kikawa hakiivi. Mwanawe Nimali akirudi kutoka shule, kabla hajauliza kimepikwa nini, alikuwa akiuliza, "Jirani alikuja leo?" Akiambiwa alikuja, anakwenda dukani kununua mkate.

Hata mwendo wake ulikuwa hivyo. Aliweka mguu chini kama anayeomba ruhusa kwa mchanga. Bakari alisema, "Yule mama akienda sokoni, mboga zamngoja hadi zachipua upya."

Hakuua mdudu. Sisimizi aliwafagia kwa unyoya wa kuku. Mbu alimpungia mkono, kisha akaingia ndani ya chandarua akamwacha nje akiimba. Hayo tuliyazoea. Kilichotushinda ni panya. Panya mmoja mkubwa aliingia darini mwake akawa anakimbia usiku kucha, na sote tukampa ushauri, mwenye sumu, mwenye paka. Yeye akatengenezewa mtego wa kizimba, akamnasa mzima, akamfunika kwa kitambaa ndani ya kikapu, akaita bodaboda ya kijana Chengo ampeleke Junda, mbali na watu.

Chengo akasimulia baadaye. "Nipo barabarani, nasikia kitu chakwaruza mgongoni kwangu. Nikamuuliza, mama, umebeba kuku? Akasema, hapana, abiria wa pili. Nikasimamisha pikipiki palepale, nikamwambia, huyu wa pili ashuke."

Basi panya akashukia hapo hapo, na hapo hapo palikuwa nyuma ya jikoni kwa Mama Kadzo, maana kwao ni Junda. Jioni yake akaja mbio mbio na leso kiunoni.

"Nyinyi wa Mishomoroni mwatuletea panya wenu Junda? Kwetu hatuna wa kututosha?"

Jirani akamwomba radhi kweli kweli, kwa mikono miwili. Akamwambia atamkamata tena amrudishe. Mama Kadzo akamtazama, akaona hafanyi mzaha, hasira zikamwishia akaketi chini kucheka. "Mwache," akasema. "Nshamjua. Yuwapenda mihogo."

Na bado mtu huyo huyo asiyeua sisimizi ilipofika saa ya tamthilia ya televisheni alikuwa mwengine kabisa. Ilikuwa tamthilia ya Kifilipino iliyotiwa Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na mama mkwe mmoja mbaya, aliyemtilia dawa mke wa mwanawe. Jirani alikuwa akikaa ukingoni mwa kiti amekunja ngumi. "Lori," alikuwa akisema kwa meno yaliyoumana. "Lije lori limpitie." Mimi nikamwambia, "Jirani, na panya je?" Akasema, "Panya hakumtilia mtu dawa." Kipindi kikiisha alibaki pale amejiinamia, kama mtoto aliyeiba sukari, kisha akasema, "Umeiona ile hasira? Ilikuja yote." Na kesho yake saa ileile yuko ukingoni mwa kiti.

Hasira alikuwa akiisema kama mgeni. Mwaka mmoja mimi na Bi Rukia hatukusemezana, kisa maji ya kufulia yaliyotoka kwake yakaingia ukumbini kwangu, na maneno yaliyofuata maji. Nikaenda kwa Jirani. Sikutaka ushauri, nilitaka mtu wa kusema Rukia ni mbaya. Akaniweka mkekani, akaniuliza, "Imekaa wapi?"

"Nini?"

"Hasira. Mwilini, imekaa wapi?"

Nilikuwa sijaulizwa swali kama hilo na mtu. Nikatafuta. "Hapa," nikasema, nikaonyesha koo.

"Haya. Mpe kiti. Usimpe funguo."

Sikumwelewa siku ile. Lakini nilipokuwa nikiitafuta mwilini nilisahau nusu ya maneno niliyoyapanga kumtukania Rukia, na nusu iliyobaki haikunitosha. Na nikimletea hofu zangu, mwana wangu Zuhura ataolewa na nani, Bakari akifutwa kazi tutakula wapi, alikuwa akisikiliza hadi mwisho kisha aseme, "Hayo ni mawazo, Jirani. Si mvua. Funga mwavuli."

Mambo ya dini yalinitia wasiwasi, sitaficha. Nilimwona ana sanamu ndogo ya mtu aliyekaa, na mbele yake ua la mlangilangi ndani ya kisahani. Ustadh Athmani wa chuo chetu naye akasikia, akaenda kumuuliza kwa adabu. Akakaribishwa chai. Akamuuliza, je, mama, unamuomba huyu? Jirani akasema, "Simuombi kitu. Namtazama nakumbuka kunyoosha mgongo." Ustadh akanywa chai yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuinama kitabuni mchana kutwa, nilimwona akinyoosha wake. Alipotoka nilimuuliza amemwonaje. "Dini yake si dini yetu," akasema, "na hesabu ni kwa Mungu. Lakini chai yake sijaionja mfano wake."

Chai ilikuwa hivyo kweli, na aliinywa bila kufanya kitu kingine, akikishika kikombe kwa mikono miwili.

Mwezi ukiwa mpevu alifunga saumu. Lakini alifunga kinyume na sisi. Asubuhi anakula, ikifika adhuhuri anaacha, halafu hatii chakula kinywani mpaka kesho kunakucha. Sasa katikati ya Ramadhani mwezi huwa mpevu, ndiyo hesabu yake, na kila mwaka ikawa hivyo hivyo, sisi tunamuita aje tufuturu, naye anakuja na kanga yake nzuri, anakaa na sisi mbele ya kaimati na mbaazi za nazi na viazi vya karai, na hagusi. Mbele yake ni maji tu.

"Nyinyi mwafungua," alisema, "mimi ndio kwanza nafunga."

Bi Rukia hakulizoea hilo hadi leo. "Haya ni mateso," alikuwa akiniambia. "Wamtesa mwenzio kwa harufu." Na kaimati ni kitu Jirani alichokipenda kuliko kitu chochote cha duniani. Nilimwona siku moja akizitazama, zikitoa mvuke, zimeng'aa kwa shira. Nikamuuliza, "Wazitamani?"

"Sana."

"Basi?"

"Basi nazitamani." Akacheka. "Ni kazi kubwa. Niache niifanye." Kesho yake kulipokucha alikuwa mlangoni kwangu na bakuli tupu.

Siku hizi kukaa kwake kumekuwa jambo la watu wa mjini. Mjukuu wangu Salma, anayefanya kazi bandarini na kurudi na kichwa kinachomuuma, ana kitu ndani ya simu kinachomwambia avute pumzi. Mwanamke anaongea taratibu, nyuma yake maji yanatiririka. Nilipoliona hilo nikampeleka kwa Jirani nikidhani atacheka na mimi. Hakucheka. Akavaa vile vidude vya masikioni, akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu mama ana sauti nzuri," akasema. "Lakini asema mno. Mtu akitaka kupumua, yeye yuko pale."

Salma akamuuliza, "Sasa nifanyeje, bibi, nikiwa kazini na simu zalia pande zote?"

"Simu ikilia, usiishike mara moja. Iache ilie kidogo. Vuta pumzi, ndio uishike."

"Bosi atanifukuza."

"Hatajua. Atadhani watafuta kalamu."

Salma anafanya hivyo mpaka leo. Anasema bosi wake alimuuliza siri ya utulivu wake, akamjibu kwamba ni kalamu.

Kisha Nimali akaoa, akapata gorofa Mkomani, akamtaka mamake akae naye, kwa kuwa magoti yake hayakuiweza tena ngazi ya darini wala choo cha nje. Siku ya kuhama mtaa mzima ulitoka. Bakari alikuwa ameanza kuugua, lakini alitoka na fimbo yake hadi kwenye gari. Wakasalimiana salamu yao, na pumzi haijambo, yakusalimu. Gari likaenda, Bakari akasimama pale muda mrefu akitazama uchochoro. Akaniambia, "Mtaa umekuwa na kelele, Mwanajuma." Na hapo palikuwa kimya kabisa.

Bakari alipokufa, Nimali alikuja mazikoni na wanaume. Jirani mwenyewe alikuwa kitandani na homa, hakuweza. Nikavaa nyeupe. Zuhura akahamia kwangu na wanawe, akaniambia, "Mama, huna la kufanya sasa ila kukaa." Bi Rukia, aliyezeeka akawa anatembea kwa kushika ukuta, akajifanya tena msimamizi wa eda, safari hii yangu.

Sikukaa. Mlangoni sikutoka, wallahi, lakini ndani nilitembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliosha makabati. Nilipanga vyombo kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Nilifumua pazia nikalishona upya. Nikikaa tu mkekani, nyumba ikanyamaza, nilikuwa nainuka mbio kama nimeitwa. Machozi hayakuja. Watu wakasema mashallah, Mwanajuma ana moyo. Zuhura hakusema hivyo. Nilimsikia akimwambia Bi Rukia jikoni, "Mama hali. Halali. Yuwapotea na mimi namuona. Nifanyeje?" Na mimi, niliyekuwa nikisugua sufuria iliyokwisha takata, nikaogopa, kwa sababu nilijua mwanangu hasemi uongo.

Wakamwita Jirani. Hawakuniambia. Nimali akamleta kwa gari baada ya alasiri, akamwacha uchochoroni. Nilikuwa juu ya stuli nafuta rafu nilipomsikia akipiga hodi. Akaingia akishika ukuta, amekuwa mdogo, meno yamepungua. Akanitazama kule juu.

"Shuka, Jirani."

"Namaliza."

"Najua. Shuka."

Nikashuka. Zuhura akatandika mkeka, akaleta kaimati, akatoka. Tukakaa tukitazamana. Nikajua sasa ndio atanifundisha ile kazi yake. Nikanyoosha mgongo, nikafumba macho, nikangoja. Nikafumbua jicho moja. Jirani ananitazama, mashavu yamejaa kaimati.

"Mbona hukai?" nikamuuliza.

"Nimekaa. Nakula." Akameza. "Umekimbilia wapi?"

"Sijakimbilia mahali. Sijatoka hata mlangoni, muulize Rukia."

"Najua hujatoka. Nakuuliza umekimbilia wapi."

Nikatafuta jawabu. "Kabatini," nikasema.

Akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, hadi nikaona haya. Kisha akajifuta vidole vyote, kimoja kimoja, akanigeukia na uso mzima kama alivyofanya siku zote.

"Bakari alikufaje?"

Nataka mjue kwamba hakuna aliyekuwa ameniuliza. Waliniuliza kama nimekula. Waliniambia ni kazi ya Mungu, na ni kweli. Hilo hawakuliuliza, kwa kunionea huruma.

Nikamwambia. Nilikuwa nimemshika mkono. Ilikuwa asubuhi, watoto wa chuoni wameanza kusoma. Pumzi yake ilikuwa ikitoka kidogo kidogo, inakaa, inaingia. Nikawa naifuata. Ikatoka. Nikangoja iingie. "Nikangoja, Jirani. Watu wakaja, wakamfumba macho, wakamkosha, wakamchukua. Mimi nangoja iingie. Nyumba ikinyamaza nasikia mtu anayengoja, na ni mimi. Ndiyo maana siwezi."

Hakuniambia nisilie, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Alingoja nikalia nilivyotaka, kwa sauti mbaya ya mtu mzima. Akashika mkono wangu.

"Na yako?" akauliza. "Yake ilipotoka, yako iliingia?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. "Iliingia," nikasema.

"Sasa?"

"Yaingia."

"Haya."

Bi Rukia akaja akasimama mlangoni, maneno yamemjaa kinywani, akatuona, akayameza. Akashuka mkekani kwa shida, goti moja kisha la pili, akajiegemeza begani kwangu. Nyumba ikanyamaza. Nikaisikia ile pumzi isiyokuja, nikaisikia na yangu ikija, zote mbili, na sikuinuka. Nje watoto walikuwa wakirudi makwao wakisukumana. Chumba kikaanza kuwa kiza, kaimati zikapoa, na sote watatu tupo.

Mwishowe Bi Rukia hakuweza tena. "Mwanajuma," akasema, "inuka uwashe taa kabla hawajaadhini. Wewe ndiwe usiyejua kutulia."

"Washa wewe, Rukia," nikamwambia. "Mimi nimekaa."